Hori ya Mida na Mji wa Gedi

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, ukishavuka daraja la Kilifi na kupita mashamba ya minazi na mikorosho, utafika mahali ambapo msitu mnene umesimama upande wako wa kushoto. Huo ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Abiria wengi huutazama msitu huo, wakastaajabia ukubwa wake, wasijue kwamba upande wao wa kulia, nyuma ya vijiji na mashamba, bahari imeingia ndani ya nchi kavu. Imeingia kwa mlango mwembamba ulio karibu na Watamu, ikajitandaza nyuma ya mwamba wa pwani, ikafanya kama ziwa la maji ya chumvi lenye kujaa na kupwa mara mbili kila siku. Ziwa hilo ndilo Hori ya Mida.

Wewe uliyesoma historia ya pwani yetu darasani bila shaka umesikia habari za Gedi, mji wa mawe uliohamwa na kumezwa na msitu. Vitabu hupenda kuuita mji wa ajabu, na waandishi wengine wamefika hata kunong'ona habari za mizimu. Mimi nimeufundisha mji huo kwa miaka kadhaa, na kadiri nilivyoufundisha ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sehemu kubwa ya ajabu hiyo hutokana na kuutazama mji huku tumeipa hori kisogo. Gedi iko kilomita 6 hivi kutoka ufuo wa bahari kuu, lakini ni kama kilomita 3 tu kutoka Mida. Basi kabla ya kuingia mjini, hapana budi tupitie majini.

Tuanze na mwamba. Jiwe la pwani ya Kenya, lile lenye matundu na ncha kali zipasuazo viatu, ni matumbawe ya kale. Lilijengwa na viumbe wadogo wa bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Baadaye dunia ikaingia katika majira ya baridi kuu. Maji mengi yakaganda kuwa barafu katika nchi za kaskazini na kusini, na bahari ikashuka kiasi cha meta 120, hata matumbawe yale yakaachwa juu makavu, yakinyeshewa na kuliwa na mvua. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda tena, ikatafuta kila bonde na kila pengo la mwamba, ikaingia. Ndivyo zilivyopatikana hori zetu.

Lakini Mida ina tabia yake peke yake. Hori za Mombasa na Kilifi hupokea mito itokayo bara, nayo huleta maji baridi na udongo mwekundu wakati wa masika. Mida haina mto. Mvua inyeshayo katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mashamba ya jirani huzama mchangani, ikapenya katika matundu ya mwamba, ikatambaa chini kwa chini kuelekea baharini, na kutokeza kidogo kidogo kandokando ya hori. Maji baridi ya Mida, basi, huja kwa njia isiyoonekana. Nakuomba ulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakapofika kwenye visima vya Gedi.

Sasa tushuke matopeni. Mida imezungukwa na misitu ya mikoko, na ingawa mtu wa bara akiitazama kwa mbali huona ukuta mmoja wa kijani, mtu wa pwani huona miti mingi yenye majina na kazi mbalimbali. Ulio mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, aghalabu ni mlilana. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mbegu ya mkoko haingoji kufika ardhini ndipo iote; huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikarefuka kama mkuki wa kijani, kisha ikadondoka. Ikianguka wakati maji yamekupwa hujichoma topeni ikasimama papo hapo. Ikianguka wakati maji yamejaa huelea, pengine kwa majuma mengi, hata ipate mahali pa kutia mzizi. Ukizidi kwenda ndani utaona mkandaa na muia, na karibu na nchi kavu, penye chumvi kali, utaukuta mchu. Huu hutoa mizizi midogo iliyosimama wima topeni mithili ya kalamu zilizochomekwa, nayo ndiyo pua zake, maana tope lenyewe halina hewa. Chumvi iliyozidi mwilini mwake huitoa kwa majani. Ukipata nafasi, lamba jani la mchu wakati wa kiangazi, nawe utaonja.

Wazee wa pwani waliijua miti hii kama fundi ajuavyo vyombo vyake. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo vya baharini. Gome la mkandaa lilitoa rangi nyekundu ya kutia ngozi. Mkoko na mkandaa zilitoa boriti, na boriti hizo ziliamua umbo la nyumba za mawe pwani nzima. Boriti inayoweza kubeba dari la mawe na chokaa haizidi urefu fulani. Kwa hiyo vyumba vya Waswahili wa kale vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake meta 2 na nusu hivi. Ukiingia katika nyumba za Gedi leo dari zote zimekwisha kuanguka, lakini pima upana wa chumba chochote kwa hatua zako, nawe umeupima mti wa hori uliokwisha kuoza zamani sana.

Mara ya kwanza mimi kufika Mida nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Mwalimu aliyetuongoza, mtu hodari sana wa ramani, alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa maji. Hakuuliza kama ni siku za bamvua au za maji mafu. Tulitembea mbali juu ya mchanga na tope tukiokota makome na kuandika katika daftari zetu, na tulipogeuka kurudi, mkondo tuliouvuka ukiwa vifundoni ulikuwa umetufika kiunoni. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akirejea na mtumbwi wake alituvusha wanne wanne. Hakutulaumu hata kidogo, ila alipomshusha mwalimu wetu alimwambia kwa upole, "Mwalimu, bahari nayo ina saa yake." Mimi nilipoteza kiatu kimoja. Siku hiyo nilijifunza kwa mwili wangu kwamba wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda meta 3 na zaidi, na kwamba uwanja mpana wa tope waweza kugeuka kuwa bahari kabla mtu hajamaliza kula chakula chake cha mchana.

Katika kupanda na kushuka huko ndimo uhai wote wa Mida ulimo. Maji yakipwa tu, tope hujaa viumbe. Kaa wadogo hutoka mashimoni kwa maelfu, kila dume akipunga gando lake moja kubwa lenye rangi kama mtu aitaye wenzake. Wako samaki wadogo wenye macho juu ya vichwa, ambao hutembea topeni kwa mapezi yao na kuruka wakikukimbia. Konokono hutambaa juu ya majani yaliyoanguka na kuyala. Kaa nao huyaburuta majani hayo mashimoni mwao, na mashimo hayo hupitisha hewa na maji katika tope, hata mizizi ikapata nafuu. Maji yakijaa, zamu hugeuka. Samaki huingia kati ya mizizi kutafuta chakula na maficho: chaa, mkizi, tafi, changu, pamoja na kamba. Wengi wao ni wachanga. Hukaa hapa katika utoto wao, kwa kuwa samaki wakubwa hawawezi kupenya katika fumbi lile la mizizi, na wakisha kukua baadhi yao hutoka nje kwenye miamba. Mvuvi atupaye mshipi mbali baharini pengine huvua samaki aliyelelewa mkokoni. Kwenye majani ya bahari hulisha kasa wachanga, na penye mlango wa hori, ndani ya mapango ya mwamba, hukaa tewa wakubwa sana ambao wapiga mbizi huja kutoka mbali kuwatazama.

Nimewaacha ndege kwa makusudi, maana wana habari yao ndefu. Kuanzia mwezi wa Agosti hori hupokea wageni. Vitwitwi wa aina nyingi hushuka hapa, na baadhi yao wamezaliwa miezi michache tu kabla, katika nchi baridi za kaskazini mwa Siberia. Huchokoa tope kwa midomo yao mirefu, wakanenepa, na ifikapo Machi au Aprili utaona baadhi yao wakigeuka rangi, kifua kikiwa chekundu kama kutu. Hapo ujue safari ya kurudi imekaribia.

Lakini mgeni aliye mashuhuri kuliko wote ni ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Ndege huyu huzaa katika fukwe na visiwa vya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Tofauti na ndege wengine wa jamaa yake, yeye huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, mahali ambapo jua kali haliwezi kulifikia. Kisha huja Mida kwa mamia, na hata akiwa huku waweza kumwona kinda aliyekwisha kuwa mkubwa akimfuata mzazi wake na kumlilia chakula. Kila nimwonapo hukumbuka kwamba fukwe anakozaliwa ni zile zile zilizoleta majahazi pwani yetu kwa pepo za Kaskazi, yakarudi kwa Kusi yakiwa yamejaa boriti. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje mwaka 1982, na majahazi ya safari hizo yamekwisha. Ndege wangali wanakuja.

Haya, sasa twende mjini.

Watu walikaa Gedi tangu karne ya 12 hivi, na katika karne ya 15 mji ulikuwa umestawi sana. Ulikuwa na Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye nyua, vyoo na mifereji, na kuta mbili zilizouzunguka mmoja ndani ya mwingine. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Kuanzia mwaka 1948 James Kirkman aliufukua mji huu kutoka msituni, akazipa nyumba majina kwa vitu alivyoviokota ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Simbi. Zilipatikana pia fedha za Kichina na vipande vingi vya vyombo vya kauri kutoka Uchina. Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka ni hili: Je, watu walioishi mbali na bahari walipataje mali ya Uchina?

Jibu liko Mida. Hori ni bandari tulivu: mawimbi ya bahari kuu huvunjika nje kwenye miamba, na ndani maji ni shwari hata wakati wa Kusi kali. Katikati ya hori kuna kisiwa cha Kirepwe, nacho kina magofu yake, ushahidi kwamba watu wa zamani hawakuishi Gedi peke yake bali walitawanyika kulizunguka ziwa hili. Yaelekea shehena iliingia kwa mlango wa Watamu na kuletwa kwa vyombo vidogo maji yalipojaa, kisha ikachukuliwa vichwani kwa mwendo usiofika saa moja. Na mali iliyotoka hori haikuwa ya biashara tu. Mji wenyewe ulijengwa kwa mali hiyo. Mawe ya kuta yalikatwa katika mwamba wa matumbawe ya kale. Mapambo ya mihrabu na milango yalichongwa katika matumbawe laini yaliyotolewa baharini yangali mabichi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Dari zilikuwa boriti. Ondoa hori, na Gedi haina ukuta, haina dari, haina lipu.

Jambo jingine huwasumbua wanahistoria. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakawa na watu wao pale kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, hata walipohamia Mombasa mwaka 1593. Malindi haifiki kilomita 20 kutoka Gedi. Hata hivyo maandishi yao hayautaji mji huu. Sababu zimetolewa nyingi. Mimi, niliyesimama nje ya mlango wa Mida ndani ya ngalawa nikautafuta mlango huo kwa macho nisiuone mpaka nilipoonyeshwa, huona kwamba mgeni wa baharini angeweza kupita hapo miaka mingi asishuku kitu. Mwamba, mlango mwembamba, kisha mikoko, kisha msitu: hizo ni pazia nne. Sisemi kwamba hilo ndilo jibu lote.

Mwanzoni mwa karne ya 17 watu wa Gedi walikuwa wameondoka. Wengine husema ni kwa sababu ya vita, kwa kuwa Wazimba walipita pwani hii mwaka 1589 wakielekea Malindi, walikoshindwa kwa msaada wa Wasegeju. Wengine hutaja kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Lakini iko sababu ya tatu, isiyo na kelele za vita. Ukichungulia kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu utaona kwamba kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena kwenda chini zaidi. Watu walikuwa wakiyafuata maji, na maji yakiwakimbia.

Hapa ndipo nilipokutaka ukumbuke habari ya Mida kukosa mto. Maji ya visima vya Gedi na maji baridi yatokezayo kando ya hori ni watoto wa mvua moja, yanapita katika mwamba mmoja. Mwamba huo una matundu mengi. Hupokea maji upesi na kuyaachia upesi, na karibu na bahari maji ya chumvi hukaa chini ya maji baridi yakingoja nafasi. Mji wa mawe ukiwa na maelfu ya watu, na mvua ikipungua kwa miaka michache, ndoo huanza kugonga jiwe kavu. Ukuta wa mji wajua kuzuia adui, lakini haujui kuleta maji. Siwezi kukuambia kwamba kiu peke yake iliwatoa watu wa Gedi. Huenda vita na kiu zilisaidiana. Nakuomba tu, utakapoulizwa swali hili katika mtihani, usisahau kisima.

Gedi ililindwa kwa sheria tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 ikaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hori nayo ililindwa pamoja na bahari ya Watamu tangu mwaka 1968, mojawapo ya hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Lakini gofu hulindwa kwa uzio na askari, na hori hailindiki hivyo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Watamu yaligeuka meupe yakafa, wala hapakuwa na uzio wa kulizuia joto hilo. Watu wa kando ya hori nao wanaongezeka. Wanataka kuni, wanataka miti ya kujengea, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa auache mkoko kwa sababu ya kitwitwi wa Siberia. Nimewasikia wavuvi wakilalamika kwamba mzigo wa kulinda huwekwa juu ya maskini, na nyumba za fahari zajengwa ukingoni na kuchimbiwa visima. Naona wana haki ya kulalamika. Hata hivyo wao wenyewe ndio wanaofanya kazi iliyo kubwa: vikundi vya vijiji vinaotesha miche ya mikoko mahali palipokatwa, vinafuga kaa, na katika sehemu moja daraja la mbao limetundikwa kati ya miti, ili mgeni alipe kidogo apate kuona hori bila kuikanyaga. Maji ya chini ya mwamba bado hayajapata mlinzi wa namna hiyo. Visima vipya vinachimbwa katika mwamba ule ule walioufukua watu wa Gedi, tena kwa mashine zisizochoka.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda mwezi wa Machi, kabla masika hayajaanza na kabla ndege hawajaondoka. Anza Gedi asubuhi, wakati sange wangali wakitafuta wadudu katika majani makavu kati ya kuta. Chungulia kisima cha Msikiti Mkuu, upime na upana wa vyumba kwa hatua. Alasiri teremka Mida. Maji yakiwa yanajaa, ndege husukumwa kidogo kidogo kuja kwako, hata wakasongamana mamia kwa mamia katika mchanga uliobaki, kila mmoja akitazama upepo utokako. Ila kabla ya kushuka topeni mtafute mvuvi, umwamkie, umuulize habari za maji ya siku hiyo. Kiatu changu kingali huko.